Jinsi ya Kuchambua Maadili na Utambulisho wa Askari katika Filamu za Vita

Watu wengi wakimaliza kutazama filamu ya vita hukumbuka milipuko. Wachache hukumbuka kilichopita kati ya amri kutolewa na risasi kupigwa, ilhali humo ndimo dhamiri ya askari inamoonekana. Muda huo unaweza kuwa wa sekunde tano, unaweza pia kuwa nusu nzima ya filamu. Mwongozo huu ni wa kukusaidia kuukamata, iwe unaandika uhakiki, unafundisha darasa la filamu, au unaandika muswada wako na unataka askari wako wawe watu kamili.

Kabla hujaanza

Panga kutazama mara mbili. Mara ya kwanza usisimamishe wala usiandike chochote. Acha filamu ikuchukue, kwa sababu baadaye utahitaji kujua ilikushika wapi na ilikufanya umshangilie nani. Mara ya pili kaa na daftari na rimoti. Filamu ya saa 2 itakula saa 4 au 5 ukiisimamisha inavyotakiwa, kwa hiyo igawanye katika siku mbili. Kila unapoandika jambo, andika na muda wake: saa, dakika, sekunde. Bila muda huo utajikuta unabishana na kumbukumbu yako mwenyewe, na kumbukumbu ya tukio la vita hudanganya sana, hasa kuhusu nani alianza.

Tazama katika lugha asilia ya filamu, na maandishi ya tafsiri chini ya skrini. Toleo lililoingizwa sauti za lugha nyingine hufuta ushahidi. Katika Camp de Thiaroye (1988) ya Ousmane Sembène na Thierno Faty Sow, askari wa Kiafrika waliopigania Ufaransa huzungumza wao kwa wao Kifaransa cha kambini, huku Sajini Meja Diatta akizungumza Kifaransa fasaha na Kiingereza. Maofisa wa Kifaransa wanapomsikiliza, nyuso zao zinaeleza mengi kuliko maneno yao. Ukizisawazisha sauti hizo zote kuwa lugha moja, nusu ya hoja ya filamu imekwenda.

Fuata amri kutoka mdomo hadi mdomo

Chora safu 5 katika daftari: aliyeamuru, maneno ya amri, aliyeipitisha, aliyetenda, aliyelipa. Jaza safu hizo kwa matukio 3 au 4 tu yenye uzito. Usijaribu filamu nzima, utachoka na safu zitajaa mambo madogo.

Filamu nzuri ya kuanzia ni Paths of Glory (1957) ya Stanley Kubrick, kuhusu jeshi la Ufaransa katika Vita Kuu ya Kwanza. Jenerali Broulard anataka kilima kitekwe. Jenerali Mireau anasema kwanza kwamba haiwezekani, kisha anatajiwa kupandishwa cheo, na ndani ya mazungumzo yaleyale anaanza kuona kwamba huenda ikawezekana. Simamisha hapo. Hakuna aliyempiga kofi wala kumtishia, na hata hivyo watu wengi wamekwisha kuhukumiwa kufa katika sebule nzuri yenye picha ukutani. Amri inashuka kwa Kanali Dax. Dax anapinga, lakini anapoona atatenganishwa na askari wake, anakubali kuwaongoza. Shambulio linashindwa. Kikosi kimoja kinabaki ndani ya handaki kwa sababu moto wa adui ni mkali mno, na Mireau anaamuru mizinga ya Ufaransa iwapige Wafaransa wenzake ili watoke.

Sasa tazama safu ya "maneno ya amri". Ofisa wa mizinga hatoi hotuba kuhusu utu. Anasema hatafyatua mpaka apewe amri ya maandishi yenye saini. Ni ombi la karatasi, kavu kabisa, na ndilo linalookoa maisha. Nenda mbele hadi mahakama ya kijeshi inayowahukumu askari watatu kwa woga: Dax analalamika kwamba hati ya mashtaka haikusomwa na kwamba hakuna anayeandika kumbukumbu za shauri. Hapo unaona uzi uliopita katikati ya filamu yote. Penye maandishi, kuna mtu wa kuulizwa. Pasipo na maandishi, wanakufa wadogo. Uzi huo huwezi kuuona ukitazama nyuso peke yake. Unauona kwa kujaza safu.

Angalia pia jinsi wale watatu walivyopatikana, maana Kubrick ametupa njia tatu tofauti. Arnaud alichaguliwa kwa kura, ingawa ushujaa wake ulikwisha kutambuliwa kwa nishani. Ferol alichaguliwa kwa sababu wakubwa walimwona hafai katika jamii. Koplo Paris alichaguliwa na Luteni Roget, ambaye Paris anamjua kuwa alimuua askari wake mwenyewe kwa guruneti usiku wa doria, akiwa na hofu. Bahati, dharau na kuficha siri: filamu haikuhitaji kumleta hata Mjerumani mmoja mwenye bunduki mbele ya kamera ili kueleza vita ni nini.

Kosa la kawaida katika hatua hii ni kumtafuta mbaya mmoja na kumtupia mzigo wote. Filamu zenyewe hutuvuta huko, kwa sababu hadithi huenda haraka ikiwa na adui mwenye sura moja. Dawa yake ni kuuliza, kwa kila jina katika safu zako, mambo mawili: alijua nini wakati ule, na alikuwa na nafasi gani ya kufanya vingine. Swali la pili si la kubuni. Kanuni za Nuremberg, zilizotokana na kesi ya viongozi wa Kinazi na kuandikwa rasmi mwaka 1950, zinasema amri ya mkubwa haimwondolei mtu wajibu wake iwapo kweli alikuwa na uwezekano wa kuchagua kimaadili. Kwa hiyo muulize mwongozaji: je, umempa askari huyu mlango wa pili, au umeufunga ili tumsamehe kirahisi? Muswada dhaifu hufunga mlango kila wakati. Ukiona askari hana chaguo katika kila tukio gumu, andika hivyo waziwazi katika uhakiki wako.

Jihadhari na tarehe pia. Usimhukumu askari wa 1916 kwa Mikataba ya Geneva ya 1949, ile ya kuwalinda watu wakati wa vita. Lakini usimpe msamaha wa bure: Kanuni za Hague za 1907 zilikwisha kukataza kumuua adui aliyeweka silaha chini na kujisalimisha.

Tukio la kuua: mambo matatu ya kupima

Pima umbali kati ya muuaji na anayeuawa, pima kama uso wa anayeuawa unaonekana, na pima muda ambao kamera inabaki baada ya risasi. Andika namba. Kuna filamu ambazo askari mwenye jina akifa tunakaa naye dakika nzima, na wasio na majina wanaanguka kwa dazeni ndani ya sekunde chache. Tofauti hiyo ni msimamo wa kimaadili, hata kama mwongozaji hakuukusudia.

Saving Private Ryan (1998) ya Steven Spielberg ni zoezi zuri kwa sababu wengi wanadhani wanaijua. Baada ya Wamarekani kuteka ufukwe wa Normandy, watu wawili wenye sare ya Kijerumani wanatoka mikono juu wakiomba. Wanapigwa risasi, na waliowapiga wanafanya mzaha. Watu hao hawasemi Kijerumani, wanasema Kicheki. Filamu haiweki tafsiri yoyote. Mtazamaji asiyejua Kicheki amewekwa pale pale walipo wauaji: anasikia sauti tu, haelewi neno, na tukio limeisha kabla hajaamua kama limemkera.

Kisha fuata mkalimani wa kikosi, Koplo Upham. Mjerumani mmoja anakamatwa kwenye mtambo wa rada baada ya mhudumu wa tiba wa kikosi kufa. Wenzake wanataka kumuua. Upham anamtetea, na mkuu wa kikosi, Kapteni Miller, anamwachia aende, amefungwa macho. Kikosi kinakaribia kusambaratika kwa uamuzi huo, na ni katika ugomvi huo Miller anafichua kazi yake ya nyumbani: ni mwalimu wa shule. Weka alama kubwa hapo. Askari wake walikuwa wanashindania kukisia kazi hiyo, naye anaitoa wakati ambapo cheo kimeshindwa kuwaongoza. Anajivua ukapteni kwa dakika moja na kuwa mtu, akisema wazi kwamba hajui kama mke wake atamtambua akirudi.

Mwishoni, Upham anajikunja kwenye ngazi kwa woga huku mwenzake Mellish akiuawa kwa kisu chumbani juu. Baadaye anampiga risasi Mjerumani aliyeinua mikono. Watu wengi huandika kwamba Upham alilipiza kisasi cha Mellish. Si kweli. Aliyemuua Mellish na aliyeuawa na Upham ni watu wawili tofauti, wanaochezwa na waigizaji wawili. Wanachanganywa kwa sababu sura zao zinakaribiana na kwa sababu moyo wa mtazamaji unataka hesabu ifungwe. Aliyeuawa ni yule mateka wa rada, ambaye amerudi vitani na kumpiga risasi Miller. Anamtaja Upham kwa jina, na kutajwa kwa jina ndiko kunakotangulia risasi. Wajerumani wengine waliokuwa na mateka huyo, Upham anawaacha waende. Ukimkosea mtu hapo, uchambuzi wako wote unaanguka, kwa hiyo rudia tukio, simamisha, linganisha nyuso na sare.

Swali linalobaki baada ya kupata ukweli ni gumu zaidi: mtu aliyetetea sheria ameivunja yeye mwenyewe, na filamu haimpi adhabu wala nishani. Usiharakishe kusema amekuwa mwanamume au amekuwa mnyama. Andika alichofanya, alichokuwa amesema kabla, na pengo lililopo kati ya hayo mawili.

Utambulisho: nguo, jina, na kilichomo mfukoni

Jeshi humtengeneza mtu upya kwa vitu vinavyoshikika, na filamu nzuri hulijua hilo. Kwa hiyo usianze na maneno makubwa kuhusu nafsi. Anza na orodha: amevaa nini, kilikuwa cha nani kabla yake, anaitwa nani, na nani anamwita hivyo.

All Quiet on the Western Front ya Edward Berger (2022) inaanza na gwanda. Askari wa Kijerumani, Heinrich, anakufa, gwanda lake linavuliwa, linafuliwa, linashonwa, na Paul anayejiunga na jeshi kwa furaha anakabidhiwa likiwa bado na jina la marehemu. Anauliza, anaambiwa halikumtosha mwenyewe, kibandiko kinang'olewa na kutupwa. Katika Camp de Thiaroye mwelekeo ni kinyume: askari waliorejea na sare za Kimarekani wanalazimishwa kuzivua na kuvaa zile za wanajeshi wa makoloni. Nguo inawarudisha walikokuwa kabla ya kumwaga damu. Askari Pays, aliyetoka Buchenwald, kambi ya mateso ya Wanazi, na kupoteza uwezo wa kusema, anang'ang'ania kofia ya chuma ya Kijerumani. Filamu inaishia kwa mauaji ya Thiaroye ya Desemba 1, 1944, ambapo askari waliokuwa wanadai malipo yao walipigwa risasi na jeshi lilelile walilolipigania. Ukiwa umefuata nguo tangu mwanzo, mauaji hayo hayakushtui kama ajali. Unaona yalikuwa yanashonwa polepole.

Majina yana uzito huohuo. Katika Full Metal Jacket (1987) makuruta wananyolewa kipara kwanza, kisha Sajini Hartman anawapa majina ya kejeli. Leonard Lawrence anakuwa Pyle, mwingine anakuwa Joker. Chora mstari kila mara jina la kweli linapotumika. Utaona Joker anamwita Leonard anapomfundisha kwa subira. Halafu inakuja usiku ambao kikosi kinampiga Leonard kitandani kwa sabuni zilizofungwa ndani ya taulo. Joker anasita, anasukumwa na mwenzake, anapiga, kisha anapiga tena na tena. Tazama tukio hilo mara tatu na uhesabu mapigo yake. Mkono wa mtu mwema ukishaanza hauishii kwenye pigo la lazima. Baadaye, akiwa Vietnam, huyohuyo ana maandishi yanayosema "Nimezaliwa kuua" kwenye kofia na beji ya amani kifuani, na akiulizwa na kanali anajibu kwamba alitaka kuonyesha uwili wa binadamu. Wahakiki wengi hulinukuu jibu hilo kama ufunguo wa filamu. Ni jibu la kijana mwerevu anayejitetea mbele ya mkubwa. Ushahidi wenye nguvu zaidi ni ule wa sabuni.

Kamera na masikio

Sehemu hii ni fupi kwa sababu ukweli wake hupatikana kwa kutazama. Uliza kamera imesimama upande wa nani, na tunasikia kupitia masikio ya nani. Katika Come and See (1985) ya Elem Klimov, kijana Flyora anapopigwa na mlipuko sisi pia tunabaki na mlio masikioni, na nyuso zinatazama moja kwa moja kwenye kamera kama zinatudai kitu. Uso wa kijana huyo unazeeka mbele ya macho yetu. Weka picha ya dakika za mwanzo na ya mwisho bega kwa bega, utapata ukurasa mzima wa kuandika.

Kwa ufukwe wa Saving Private Ryan, mpigapicha Janusz Kamiński alibana shata ya kamera, kifaa kinachopitisha mwanga kwa kila picha, hadi nyuzi 45 na 90 badala ya 180 za kawaida. Matokeo yake ukungu wa mwendo unapungua na kila chembe ya mchanga inaonekana, mwendo ukiwa wa kukatikakatika. Mtu anakuwa mwili kwanza, nafsi baadaye. Katika The Thin Red Line (1998) ya Terrence Malick sauti za msimulizi ni nyingi na si rahisi kujua ni ya askari gani. Usipoteze muda kuzigawa zote kwa majina. Ule mchanganyiko wenyewe ndio hoja: vita inawapa watu wengi wazo moja.

Tenganisha hofu na dhamiri

Katika Saving Private Ryan, mkono wa Miller unatetemeka. Je, ni hatia? Hapana ushahidi wa hivyo. Ni mwili uliochoka na kuogopa. Filamu nyingi na wahakiki wengi huchanganya majeraha mawili. La kwanza hutokana na kilichompata askari. La pili, ambalo daktari wa akili Jonathan Shay alilieleza katika kitabu chake cha 1994 kuhusu askari waliorudi kutoka Vietnam, hutokana na haki kusalitiwa na mwenye mamlaka wakati mambo yako hatarini. Watafiti waliofuata wakaongeza kile ambacho askari mwenyewe alitenda au alishindwa kuzuia. Ukiona askari anaamka usiku akipiga kelele, tafuta tukio lililotangulia: alifanyiwa, alifanya, au aliamriwa na mtu aliyemwamini? Kama filamu haikuonyesha, usibuni.

Platoon (1986) inafaa kwa zoezi hili. Katika kijiji cha Vietnam, askari wa Marekani Chris Taylor anapiga risasi ardhini karibu na mguu wa mtu mwenye mguu mmoja ili arukeruke, kisha anaacha huku akilia. Mwenzake anaendelea mpaka yule mtu anakufa. Muda mfupi baadaye Taylor anawazuia wenzake wanaobaka. Mtu mmoja, asubuhi moja, kijiji kimoja. Mchambuzi anayemweka Taylor katika kundi la wema ameruka dakika kadhaa za filamu.

Hapa pia uliza waliouawa wako wapi. Waltz with Bashir (2008) ya Ari Folman inafuata kumbukumbu iliyopotea ya askari wa Israeli kuhusu mauaji ya 1982 katika Sabra na Shatila, makazi ya wakimbizi wa Kipalestina nchini Lebanon, kwa katuni, na dakika za mwisho inaacha katuni na kuweka picha halisi za habari. Mpaka hapo maumivu yaliyoongoza hadithi yalikuwa ya askari. Unaweza kusema filamu imejisahihisha, unaweza kusema imechelewa, lakini lazima useme moja. The Battle of Algiers (1966) ilichagua njia nyingine: kabla ya bomu kulipuka mkahawani, kamera inapita kwenye nyuso za wateja, pamoja na mtoto anayekula aiskrimu, huku mwanamke aliyeleta bomu akiwatazama. Filamu iko upande wa ukombozi wa Algeria, na bado inakulazimisha uwatazame.

Nani alitoa helikopta

Wizara ya Ulinzi ya Marekani husoma miswada kabla ya kukopesha vifaa, na inaweza kuomba mabadiliko. Apocalypse Now (1979) na Platoon hazikupata msaada huo. Zote zilipigwa Ufilipino, na helikopta za Apocalypse Now zilitoka kwa jeshi la nchi hiyo, ambalo wakati mwingine liliziita zikapigane na waasi katikati ya kazi. Soma shukrani za mwisho wa filamu. Msaada wa jeshi haumaanishi filamu ni ya uongo, ila unakuonyesha pa kutazama: ni kosa gani la kiaskari halionekani kabisa, na ni kosa gani limewekwa mikononi mwa mtu mmoja mkorofi ili jeshi libaki safi.

Askari watoto

Kwa filamu hizi safu zako zinahitaji kubadilishwa. Mkataba wa Roma wa 1998, ulioanzisha Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, unahesabu kumwandikisha mtoto wa chini ya miaka 15 kuwa uhalifu wa kivita, kwa hiyo swali la chaguo linamwelekea kwanza aliyemchukua. Katika Ezra (2007) ya Newton Aduaka, kijana anaulizwa na tume kuhusu shambulio la kijiji chake mwenyewe ambamo wazazi wake waliuawa, naye hakumbuki, kwa kuwa alikuwa amedungwa dawa. Dada yake, asiyeweza kusema, ndiye shahidi. Ongeza safu ya sita: alichoambiwa kuwa alifanya. Iweke mbali na safu ya alichofanya, na unapoandika uhakiki taja kila mara habari fulani umeitoa katika safu ipi.